Msambu nautambuaje? Mjomba anataka kukata miwili kisa haizai

iliki_na_ndizi

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada na ni wa haraka kidogo maana Ijumaa ijayo kuna mtu anakuja na chenso.

Iko hivi. Bibi mzaa mama alituachia shamba kule juu milimani Amani, Muheza, kama ekari mbili hivi, kuna iliki, pilipili manga, migomba na mikarafuu michache. Juu ya iliki kuna miti mitatu mikubwa ya msituni, bibi hakuwahi kuigusa, alikuwa anasema iliki bila kivuli inanuna. Mjomba ndo anaangalia shamba, mi nipo Dar napanda huko mara mbili kwa mwaka nikibahatika. Sasa mjomba anasema yote mitatu ni misambu, ile miti ya msituni yenye mbegu za mafuta, mmoja ndo unadondosha yale matunda makubwa ya kahawia, ila miwili haijawahi kuzaa hata siku moja tangu apate akili zake na sasa hivi ana miaka sitini na kitu. Anaiita migumba. Jamaa wa mbao kaiona, kafika bei, na mzee kashakula advansi.

Sibishani na mjomba ila nikimkumbuka bibi roho inasita. Maswali ni mawili: msambu mtu anautambuaje kwa uhakika kama hauna tunda? Na inakuwaje mti mmoja uzae kila mwaka, mwenzake hatua ishirini tu pembeni hauna hata kimoja? Picha nilizonazo ni za shina tu tena giza, hazisaidii.

kichwa_cha_gogo

Mti miaka 60 hauzai na bado unauliza? Shusha mkuu, pesa nunua bati. Halafu usiandike migumba karibu na migomba mnunuzi atakuja na kikapu 😂

mzee_panga_butu

Kijana, mwambie mjomba asikate kitu kwanza. Nimefanya kazi ya kupima miti misitu ya Usambara Mashariki miaka mingi, nilianza kama mshika utepe nikaishia kuwa ndo naitwa kutaja majina, kwa hiyo nitakuelekeza kama nilivyokuwa naelekeza vijana waliokuja na vitabu.

Naanza na swali la pili maana hilo ndo linaua miti. Msambu una dume na jike, miti tofauti. Ni kama papai tu, kila mtu kijijini anajua papai dume halizai na hamshangai, sasa kwenye mti wa msituni mnashangaa nini? Jike linabeba tunda, dume linatoa maua, yanaanguka, yanaoza, basi, kazi yake imeisha mwaka huo. Ukilisubiri lizae utasubiri mpaka wajukuu. Lakini huyo jike anayewapa matunda, chavua anaipata wapi? Mkikata dume na pale karibu hakuna jingine, msije mkasema mti umerogwa. Kwa hiyo huyo mjomba anayemwita mgumba inawezekana ndo mwenye nyumba.

Sasa kuutambua. Watu wote wanaanza na gome, na gome la Amani ni muongo. Kule unyevu hauishi, shina lolote lina kuvu, kigoga, mitambaazi, miti mitano ya aina tano ukiitazama magome yote ni kijivu chenye ndevu. Nitakwambia tu kwamba msambu mchanga una gome laini, ukizeeka linakuwa jeusi jeusi la kukwaruza na linabanduka vipande vya mraba mraba. Shina limenyooka vizuri, chini wakati mwingine lina mifereji au mizizi iliyotanuka kidogo, kidogo nasema, siyo ile mizizi mipana kama mabawa ya mti wa mnyasa ambayo mtoto anacheza kombolela asionekane.

Ninachokiamini mimi ni majani na utomvu. Tafuta kijiti kilichoanguka, kibichi, siku ya baada ya upepo vinajaa chini. Majani ya msambu yanakaa mawili mawili yanatazamana, jozi, jozi, jozi, hayapishani. Kingo hazina meno hata kidogo, zimenyooka kama zimepita mkasi. Jani ni gumu, kijani cha giza, refu, linaweza kufika sentimita 19, ncha imechongoka, na kikonyo ni kifupi kina kimfereji kwa juu ukikipitisha ukucha unakisikia. Halafu chukua panga ugonge gome padogo, saizi ya kucha ya kidole gumba tu usije ukauchuna mti wa watu, subiri dakika chache. Utomvu wake unanata, mzito, unaelekea njano. Miti mingine ya huko ina alama zake: mtambaa ukiugonga unatoa maji mekundu kama umemkata mtu, hapo hakuna mjadala. Mbula geuza jani, chini ni jeupe la kijivu. Mnyasa vijani vyake ni vidogo vidogo kama vya mkwaju, huwezi kuchanganya.

Na kuna alama ya mbali ambayo haiko kwenye vitabu vingi. Simama ng'ambo ya bonde asubuhi ukungu ukipanda. Matawi ya msambu ni membamba na yanainama, mti unaonekana umelegeza mikono. Miti mingine imejitanua kama inagombania jua, wenyewe umelegea tu. Ukishauzoea unauhesabu ukiwa upande wa pili wa mto.

Angalia yote mitatu, siyo mmoja. Watu wazima nao hukosea, nimeona wengi.

iliki_na_ndizi

Shikamoo mzee na asante sana. Kweli hilo la papai limenipiga kofi, mbona liko wazi hivyo. Namtuma binamu yangu kesho aende na panga, nitaleta majibu.

mzee_panga_butu

Marahaba. Panga butu, siyo la kuchinjia.

binti_kwamkoro

Jamani mmenikumbusha mbali. Mi nimekulia huko huko na ada yangu ya shule nusu ni msambu. Msimu ukifika tulikuwa tunaamka kabla ya jua twende tukaokote, siyo kuchuma, huo mti hupandi wewe, mrefu mno, unasubiri tunda lishuke lenyewe. Na likishuka unalisikia, PUUU, unashukuru Mungu haukuwa chini yake, tunda refu kama papai kubwa lenye ngozi ya kahawia ya kukwaruza, kuna yanayofika sentimita thelathini na kitu na uzito wa kilo kadhaa. Bibi yetu alikuwa anakataza kabisa kukaa kupumzika chini ya msambu wenye matunda hata kama umechoka vipi.

Kuna ushindani pale mjue. Panya buku. Yule panya anawahi kuliko mtoto yeyote, anatoboa tunda anabeba mbegu anakwenda kufukia mashimoni mwake, ukichelewa siku mbili unakuta maganda tu. Ndo maana tulikuwa tukiokota tunayarundika pamoja tunayafunika majani, yalainike ndo tuyapasue, unakamua mbegu kutoka kwenye ule ute, mikono inateleza kama sabuni, unaosha unaanika. Mbegu ni kubwa, sentimita nne hivi, zikikauka vizuri ukitikisa gunia zinagongana.

Zamani kabla ya wanunuzi bibi alikuwa anatwanga kwenye kinu, anachemsha, anaengua mafuta yanayoelea. Yakipoa yanaganda kama samli. Alikuwa anapikia, anawashia taa, na akiumwa magoti anajipaka. Baadaye ndo tukasikia kumbe mafuta yenyewe yanatakiwa Ulaya kutengenezea siagi ya kupaka mkate, wanunuzi wakaja wanaiita alanblakia, sisi tukabaki na msambu wetu.

Kaka, nyongeza moja kwa ulichoambiwa na mzee. Usiangalie juu tu, angalia CHINI. Kama ule usiozaa ni dume basi kuna kipindi utakuta chini pamemwagika maua, yana harufu tamu, petali tano za rangi ya maziwa zenye wekundu kwa mbali. Mjomba hajawahi kuona maua? Au anaona anafagia?

mzee_panga_butu

Binti umesema jambo ambalo nilitakiwa nianze nalo. Ua ndo hati ya kuzaliwa. Kwa jani huwezi kujua dume na jike, wala kwa gome wala kwa unene wa shina, kuna watu wanajifanya wanajua, waongo. Okota ua. Dume katikati lina vishada vitano vya nyuzinyuzi zenye chavua. Jike katikati lina kitufe cha kijani, ndo tunda linaloanza. Hakuna kingine.

luguru_wa_mjini

Naingilia kidogo. Sisi Uluguru huo mti tunauita mkanyi, wengine mkani, nilivyosoma nikajua ni uleule. Na kwetu ziko aina mbili, huu wenu Allanblackia stuhlmannii na ndugu yake Allanblackia ulugurensis, kwa hiyo mtu wa Morogoro akisoma maelezo ya mzee asiyabebe mzima mzima akaenda kubishana na wazee wa Matombo. Ila tabia ni ileile, dume na jike, majani ya jozi, utomvu wa njano, tunda la kuvunja kichwa.

Kitu ambacho wengi hawajui, hii stuhlmannii duniani kote haipo pori lingine isipokuwa kwenye milima yetu hii, Usambara, Nguru, Uluguru, Udzungwa, Mahenge. Kongo wana za kwao, Ghana wana ya kwao, Cameroon wana za kwao, lakini hii ni ya Tanzania tu. Na iko kwenye orodha ya miti iliyo hatarini. Jina lenyewe limetoka kwa Stuhlmann, yule Mjerumani wa kile kituo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa 1902, yaani mti uko juu ya iliki ya bibi yako na jina lake ni la jirani.

kichwa_cha_gogo

Jirani mwenyewe ni mkoloni 🙄

luguru_wa_mjini

Ndiyo, ndo maana mi nasema mkanyi.

fundi_wa_chuda

Mi ni fundi seremala Tanga mjini, naongea upande wa mbao maana hapo nahisi harufu. Mbao ya msambu naijua, ni mbao ya kujengea, ya maboksi, mizinga ya nyuki, vitu vya bei ya chini, siyo mbao ya kumfanya mtu apande mlima Ijumaa na mafuta yake ya pikipiki aache na advansi. Siyo mvule, siyo mkangazi. Kwa hiyo ama jamaa anamdanganya mzee bei, ama ile miti siyo yote misambu na yeye anajua na nyie hamjui. Mtu wa mbao hasomi majani, anasoma shina, na akijua wewe hujui anakaa kimya.

Halafu kibali. Mti wa asili hata ukiwa shambani kwako hukati tu na kupakia. Anzeni serikali ya kijiji na ofisi ya misitu ya wilaya, mbao ikikamatwa njiani haina kibali jamaa atasema ni za mjomba wako. Nimeshuhudia mzee mmoja akihangaika na kesi ya namna hiyo miezi, na mwenye chenso hakuonekana tena.

iliki_na_ndizi

Wakuu nimerudi. Binamu kaenda leo asubuhi na mapema, nilikaa naye kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nawaandikia kama alivyoniambia.

Mti wa kwanza, huu unaozaa. Majani mawili mawili yanatazamana, kingo hazina meno, kagonga padogo utomvu umetoka wa njano unanata kidole. Chini kuna maganda yaliyotobolewa, binti kwamkoro panya wako kapita 😅

Mti wa pili, wa hatua ishirini. Majani yaleyale, kaweka kijiti cha huu na cha ule pembeni anasema hawezi kuvitofautisha, utomvu uleule. Na chini KUNA MAUA. Mengi, mengine yamekauka. Nikamwambia apasue moja aangalie katikati, akasema kuna nyuzi zimefungana vifungu vifungu, kahesabu vitano, kitufe cha kijani hakuna. Kapasua kama kumi, yote hivyo hivyo.

Wa tatu sasa huu ndo umenichanganya. Mrefu kuliko yote, mweupe mweupe, gome lina mifereji mirefu imeshuka kutoka juu mpaka chini, mingine inajinyonga kama kamba, binamu anasema vidole vinaingia. Jani linang'aa lakini kingo zina vijino vya mviringo, na majani hayakai jozi sawasawa, moja liko hapa lingine limesogea kidogo. Kagonga, utomvu wa njano hakuna. Chini kuna vimbegu vingi saizi ya zeituni na vitunda vyeusi vya zambarau. Mjomba alikuwa pale akasema hivyo vitunda siku zote anaviona ila anajua ni hondohondo ndo wanavileta kutoka msituni.

mzee_panga_butu

Hahaha. Mjomba nusu kasema kweli. Hondohondo wanavipeleka, hawavileti. Mti wa kwanza jike, wa pili dume, ndoa halali kabisa. Wa tatu siyo msambu, huo ni mhesi.

Mhesi siyo mti wa Usambara. Kwao ni kule Ziwa, Kagera na Uganda wanauita musizi, unaendelea mpaka Kongo. Amani uliletwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, ukapandwa, ukakaa. Baadaye misitu ilipokatwa magogo kwa mashine, mapengo yakafunguka jua likaingia, mhesi ukapata ulichokuwa unakitaka maana unakua mbio sana palipo wazi. Hondohondo anakula lile tunda jeusi, anaruka, anadondosha mbegu kila pengo analopitia. Leo kuna sehemu ukitembea unadhani ndo msitu wa asili kumbe ni mhesi mtupu juu, na chini miche ya kwetu inahangaika. Watafiti wameuandikia sana.

Alama za mhesi ni hizo hizo alizosema binamu, vijino kwenye jani, mifereji mirefu kwenye gome, kokwa kama zeituni chini. Huyo binamu ana macho mazuri, mwambieni aache bodaboda.

Na fundi yuko sahihi. Mnunuzi anautaka huo mhesi, umenyooka, mnene, unapasuka mbao nyingi kwa haraka. Lile dume lilikuwa la kuongezea tu.

fundi_wa_chuda

Nilisema mimi. Muhesi/mhesi mbao yake ni nyepesi lakini inaenda, watu wanajengea, wanatengenezea fenicha za kawaida, soko lipo. Sasa mwambie mjomba bei aliyopewa ilikuwa ya mti gani, maana kama kauza miwili kwa jina la msambu kapigwa. Akae naye tena, mti mmoja, na kibali.

kichwa_cha_gogo

Nafuta kauli yangu ya mwanzo. Nilitaka mkate baba mwenye nyumba. Ila mhesi shusha.

binti_kwamkoro

Kuhusu kushusha mhesi nina neno. Shusha taratibu kaka, uko juu ya iliki. Mti ule ukianguka vibaya unalala na iliki yote, na ukiuondoa kwa siku moja jua linashuka kama bomba. Kwetu walikata matawi kwanza msimu mmoja, mwaka uliofuata ndo shina, na pale pengo tukaotesha kivuli kingine kabla. Na tafadhali chenso isielekee upande wa yule dume.

iliki_na_ndizi

Hilo nalichukua, nilikuwa sijafikiria kabisa iliki.

Sasa swali dogo la mwisho, nataka pale pengoni niweke msambu mwingine. Nioteshe mbegu au ninunue mche? Na nikiotesha nitajuaje kama nimepanda jike?

mzee_panga_butu

Hutajua. Mche wa mbegu ni bahati, mpaka utoe maua, na maua siyo kesho, miaka kumi na zaidi inaweza kupita. Ndo maana waliofanya utafiti wa kuupanda mashambani walihangaika na kubebesha, yaani unachukua kijiti cha mti jike unaojua unazaa vizuri unakibebesha kwenye mche mchanga, hapo unajua unachopanda na unafupisha kusubiri. Ulizia vitalu vya kule Muheza kama wanavyo vya kubebeshwa, kama hawana otesha mwenyewe ila otesha wengi, uje upunguze madume mbele ya safari.

Mbegu zake ni za roho ngumu. Ukizika kama mahindi utasahau ulizika wapi, zinaweza kukaa miezi mingi hata mwaka na zaidi. Toa lile ganda gumu la nje taratibu usiumize kiini, weka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na mchanga wenye unyevu, funga, weka kivulini, kagua kila wiki. Zinawahi zaidi hivyo kuliko kitaluni, lakini bado ni za kusubiri. Na mfuko uning'inize juu.

binti_kwamkoro

Juu SANA. Buku anajua mifuko.

luguru_wa_mjini

Wakati unasubiri, jike la kwanza liendelee kukulipa. Wanunuzi wa mbegu bado wapo? Nauliza kwa nia maana kwetu kuna mwaka wanakuja kuna mwaka hawaonekani.

binti_kwamkoro

Ndo hivyo hivyo na kwetu. Unilever waliingia na wenzao mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu 2008 Ulaya wakaruhusu rasmi hayo mafuta kwenye siagi za kupaka, kelele zikawa nyingi kila mtu analinda msambu wake. Tatizo lake mti haujui mkataba, mwaka mmoja unazaa mpaka matawi yanagusa iliki, mwaka unaofuata matunda matatu. Asipige hesabu ya bati kwenye msambu. Apige ya iliki, msambu iwe nyongeza. Na kama wanunuzi hawajaja kinu kipo, mafuta hayaozi haraka.

iliki_na_ndizi

Naleta mrejesho halafu nawaacha mlale. Nimeongea na mjomba jioni hii karibu saa nzima. Mwanzo alikuwa mkali, anasema mtoto wa Dar unanifundisha miti ya mama yangu. Sikubishana, nikamwomba tu akae chini ya ule mti wa pili aokote ua apasue, binamu akamshikia tochi ya simu. Akanyamaza. Baadaye akasema kumbe ndo maana mama alikuwa anauita Bwana, yeye alidhani ni utani wa wazee.

Mi nilikuwa sijawahi kusikia hilo jina. Bibi alikuwa anajua muda wote na hakuna aliyemuuliza.

Jamaa wa mbao kaambiwa aje na bei ya mhesi peke yake na kibali mkononi, kasema atapiga simu, hajapiga. Advansi mjomba anasema atarudisha akiuza iliki, hapo mi nimeingiza mkono mfukoni maana namjua.

kichwa_cha_gogo

Na mhesi asipokuja kuununua?

iliki_na_ndizi

Hondohondo wataendelea kula, mjomba ataendelea kufagia.